Kuku wa nyika wa Texas: miaka 30 wanatotoleshwa na kuachiwa porini, bado wanahesabika. Wanakwama wapi?

#1 · Mwenye_Banda
Habarini wakuu. Swali kwa wajuzi wa ndege na wanyamapori, watu wa siasa leo pumzikeni kidogo.

Marekani pwani ya Texas kuna ndege anaitwa kuku wa nyika wa Attwater. Ukubwa ni wa kuku mdogo, mwili mzima ana michirizi ya kahawia na nyeupe, anaishi kwenye majani tu, msituni haingii. Zamani wanakadiria walifika hadi milioni moja kuanzia Texas mpaka Louisiana. Louisiana wakaisha kabisa 1919. Mwaka 1937 Texas walibaki kama 8,700. 1967 wakaingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. 1996 porini walihesabiwa 42. Arobaini na wawili wakuu!

Sasa tangu 1992 wanawatotolesha kwenye mabanda, bustani za wanyama kama ya Houston nazo zimo, kila mwaka wanaachia wengine porini, na bado inaonekana wakiacha kuachia ndege wanaisha. Mimi kuku wa kienyeji nikiwaacha uani mwaka mmoja nashindwa kuwahesabu. Taifa limepeleka watu mwezini linahangaika na kuku? Tatizo ni ardhi, ni wanyama wanaowala, ni mashine za kutotolesha, au kuna kitu hawasemi? Karibuni.

#2 · KijanaWaSokoni
Naweka mkeka hapa, wajuzi pitieni.

#3 · Sufuria_Kubwa
Mleta uzi umeruka jambo la msingi. Nyama yake ikoje? Maana 42 ni pishi la harusi moja tu hapo 😂

#4 · BintiMrima_HTX
Hii mada imenikuta nyumbani kabisa, mi naishi Houston upande wa magharibi, huku Katy. Ngoja nianze na ardhi maana watu wakisikia Texas wanadhani kuna pori la kumwaga.

Hapa ninapokaa palikuwa nyika tupu, afu ikaja kulimwa mpunga (ndiyo, huku pwani ya Texas wanalima mpunga sana tu), afu mpunga nao ukasogezwa zikaja nyumba, maduka na barabara pana ambazo ukikosea kutoka unaenda kugeuzia mji mwingine. Nyika ya pwani ilikuwa karibu ekari milioni 6, iliyobaki katika hali yake haifiki asilimia moja. Hifadhi ya hao ndege ipo karibu na mji mdogo unaitwa Eagle Lake, kutoka Houston ni kama saa moja kwa gari, ilianzishwa 1972 na ina ekari kama elfu kumi na kidogo. Sasa mpango wa serikali yenyewe wa 2010 unasema ili ndege huyu atoke kwenye orodha wanatakiwa wafike kama 6,000 na wapate nyika nzuri ekari 300,000. Unayo elfu kumi, unahitaji laki tatu. Hakuna siri hapo Mwenye_Banda, ndege hana pa kukaa.

#5 · Mzee_wa_Gobole
Hakuna cha ardhi wala nini, waliwala hao. Walikuwa wanapiga kwa bunduki mamia kwa siku kwa ajili ya kushindana tu nani kaua wengi, wengine wanaachwa waoze. Leo wanakuja kutufundisha sisi uhifadhi. Tembo wetu tuachieni wenyewe.

#6 · Nukta_Kamili
Mzee #5, uwindaji upo kwenye historia na uliwaumiza kweli, ila Texas walipiga marufuku kuwawinda mwaka 1937. Kutoka hapo mpaka hao 42 ni karibu miaka 60 bila bunduki halali na wameendelea kushuka. Kwahiyo bunduki ilianza kazi, kuna kingine kilichoimalizia.

Na mleta uzi, hizo namba usizichukulie kama hesabu ya kichwa kwa kichwa. Wanachofanya ni kwenda alfajiri msimu wa kupandana kwenye viwanja vyao vya ngoma, wanahesabu majogoo, maana mitetea wanajificha kwenye majani huwaoni, afu wanazidisha mara mbili wakichukulia kila jogoo mmoja ana mtetea mmoja. Ni makadirio mazuri ila ni makadirio.

#7 · KijanaWaSokoni
Viwanja vya ngoma??? Hebu fafanua mkuu, hapa ndo nimeamka.

#8 · Nukta_Kamili
Haha sawa. Majogoo wanachagua sehemu yenye majani mafupi, iliyo wazi, na wanarudi palepale mwaka hadi mwaka. Kuanzia kama mwezi wa pili mpaka wa tano, jua halijatoka wapo uwanjani tayari. Kila mmoja ana eneo lake dogo. Anainamisha kichwa, manyoya marefu ya shingoni yanasimama wima utadhani masikio, mkia juu, halafu anakanyagakanyaga chini kwa kasi hadi unasikia vishindo vidogo, na pembeni ya shingo vifuko viwili vya hewa vinajaa, rangi ya chungwa. Hapo ndo anatoa mvumo mzito, uuu-luuu-uuu, asubuhi isiyo na upepo unausikia hata ukiwa mbali kilomita moja na zaidi. Akikutana na jirani mpakani wanarukiana, wanapigana mateke na midomo. Mitetea wanapita katikati taratibu wanatazama, hawana haraka.

Na katika majogoo wote hao mmoja au wawili wa katikati ya uwanja ndio wanapanda karibu mitetea wote. Waliobaki wanacheza tu.

#9 · Sufuria_Kubwa
"Waliobaki wanacheza tu." Kumbe hata huko Texas wapo wenzetu 😭😭 KijanaWaSokoni njoo usome habari zako.

#10 · KijanaWaSokoni
Nimesoma. Sina la kusema. Nitaendelea kukanyagakanyaga tu kuna siku nitafika katikati.

#11 · Ole_wa_Nyanda
Hii si ngeni kwetu. Huku juu Loliondo na nyanda za Ngorongoro, mvua zikinyesha majani yakapanda, kuna ndege mdogo mweusi mkia mrefu, wataalamu wanamwita kwa jina la Jackson, hata Kenya yupo nyanda za juu. Dume anakanyaga majani anatengeneza kiduara, katikati anaacha kishungi kimoja cha majani, halafu anaanza kurukaruka kwenda juu kushuka, juu kushuka, madume wengi mahali pamoja. Jike anakuja kuchagua. Tulipokuwa wadogo tunachunga ndama tulikuwa tunalala chini kimya tunahesabu nani karuka mara nyingi. Kwahiyo hao wa Texas mtindo wanaotumia hata huku upo, tofauti ndege wenyewe si ukoo mmoja.

Ila niulize kitu, huko wanachunga ng'ombe kwenye hiyo nyika? Maana huku nyasi ikiachwa bila mifugo na bila moto inakuwa vichaka baada ya muda.

#12 · BintiMrima_HTX
Ole_wa_Nyanda swali zuri sana, na ndo kitu ambacho watu wengi wa mjini hapa hawakielewi. Wanadhani kuhifadhi ni kuweka uzio na kuondoka. Huyu ndege anataka vitu viwili vinavyogombana: majani mafupi ya kuchezea ngoma, na majani marefu yaliyoshikana ya kuficha kiota, na viwe karibu karibu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na nyati wa huko pamoja na moto, wa radi na wa wenyeji wa asili waliokuwa wanachoma. Sasa hivi hifadhi yenyewe inachoma moto kwa mpango na inaingiza ng'ombe kwa mpango. Wakizembea unaota mti mmoja uliletwa kutoka China, wanauita tallow, unaota kama umetumwa, na vichaka vya miiba. Mti ukishasimama mwewe anapata pa kukaa, na kuku wa nyika anahama, hapendi kabisa kitu kirefu kilichosimama karibu yake.

#13 · Mwenye_Banda
Asanteni wote. Ila BintiMrima bado hujanijibu vizuri. Umesema ardhi haitoshi kufika 6,000, sawa. Lakini ekari elfu kumi zimeshindwaje hata kubeba mia mbili wanaojiendesha wenyewe bila kuongezewa? Hapo ardhi haiwezi kuwa jibu lote.

#14 · Fundi_Vifaranga
Hapo ndo naingia mimi. Natotolesha kuku, kwale na kanga kwa biashara hapa Moro, na nitakwambia bila kuficha: ndege wa mashine si ndege wa mama.

Nilishawahi kutoa kanga wa mashine nikawapeleka shamba la rafiki yangu, wakubwa wazima, wana afya, wamechanjwa. Mwewe akipita wao wanaendelea kudonoa. Wale kanga wa pale waliolelewa na mama zao mmoja akipiga kelele wote wameshaingia kwenye majani. Wa kwangu wakaisha wote. Hakuna dawa ya duka inayofundisha hofu.

Kingine ni tumbo. Jamaa wa karibu wa huyu ndege kule Scotland walishapimwa, wale wa kufugwa kwa chakula laini cha kununua utumbo wao unakuwa mfupi kuliko wa porini. Unamtoa bandani anaenda kula majani na mbegu ngumu, anakula anashiba lakini hapati nguvu ya kutosha, anadhoofu, mwewe anamalizia. Watu wanaandika "kaliwa na mwewe" kumbe alishakufa njaa taratibu.

#15 · Nukta_Kamili
#14 nakubaliana na nusu. Ni kweli wale wa kuachiwa wengi hawafiki mwaka. Lakini wao hawawatoi bandani na kuwatupa, wanawaweka kwanza kwenye uzio hukohuko nyikani kama wiki mbili wazoee, na wanawafunga redio shingoni wajue kila mmoja kaenda wapi. Na kitu kinachovuruga hoja yako ni hiki: wale mitetea wa mabanda wanaofanikiwa kuishi hadi msimu wa kutaga, wanatengeneza kiota vizuri, wanataga kama mayai 12, wanaatamia kama siku 26, wanaangua. Wanajua umama bila kufundishwa. Vikishaanguliwa ndipo balaa linaanza, vifaranga wanapukutika wiki mbili za mwanzo. Na hao vifaranga si wa mashine, ni wa porini kabisa.

#16 · Fundi_Vifaranga
Wiki mbili za mwanzo kwa kifaranga yeyote ni protini na joto. Kama hapati joto la mama au hapati protini anakwenda. Huko wanakula nini?

#17 · Mpenda_Panzi
Hatimaye mtu kauliza. Wadudu! Kifaranga wa kuku wa nyika wiki za kwanza anaishi kwa wadudu karibu tupu, panzi wadogo, viwavi na kadhalika. Na wadudu wamekombwa na sisimizi wa moto.

Hao sisimizi si wenyeji wa Marekani. Walitoka Amerika Kusini, wakaingia kwa meli bandari ya Mobile kule Alabama miaka ya 1930, wakatambaa hadi Texas. Wanajenga vichuguu vidogo kila mahali, hekari moja unakuta vingi hujui ukanyage wapi, na wanakula kila kiumbe kidogo kinachotembea juu ya ardhi. Kifaranga akiwa kwenye yai linalopasuka wanaweza hata kumshambulia hapohapo, lakini kubwa zaidi ni kwamba wanamaliza chakula chake. Mama anazunguka na vifaranga wake kwenye nyasi nzuri za kijani, mtu wa kawaida akiangalia anasema hapa pazuri, kumbe ni meza tupu.

Watafiti wa hifadhi walifanya jaribio, utafiti ukatoka 2015. Maeneo mengine walimwaga chambo chenye dawa ya sisimizi, mengine wakaacha. Kwenye dawa wadudu wakaongezeka, na familia za vifaranga zilizovuka wiki mbili zikawa nyingi zaidi. Ushahidi wa wazi kuliko huo mnataka nini?

#18 · Mzee_wa_Gobole
Sasa mnatuambia sisimizi ndo walimaliza ndege milioni moja. Nyie watu bwana.

#19 · Nukta_Kamili
Mzee leo kwa mara ya kwanza umepiga penyewe 😄. Mpenda_Panzi jaribio nalikubali, lakini angalia tarehe. Mwaka 1937 walishabaki 8,700, na hao sisimizi wameingia Texas miaka ya 50. Kwahiyo kutoka milioni hadi elfu nane sisimizi hawakuwepo hata kidogo. Sisimizi wanaweza kueleza kwa nini leo hawaongezeki, hawawezi kueleza kwa nini walianguka.

#20 · Mpenda_Panzi
Na mimi swali langu tangu mwanzo ni la leo, si la babu zao. Mleta uzi kauliza kwa nini miaka 30 ya kuachia haileti matunda. Ukishajua ugonjwa wa sasa unatibu wa sasa.

Halafu wewe Nukta na BintiMrima nielezeni hiki. 1993 walikadiriwa 456. 1996 wakawa 42. Miaka mitatu! Nani alijenga mji juu ya nyika kwa miaka mitatu hiyo? Ardhi ilikuwa ileile. Hamuwezi kuniambia ni nyumba.

#21 · BintiMrima_HTX
Mvua. Pwani hii mvua ya masika ikija kubwa wakati wa vifaranga, wanalowa na wanakufa kwa baridi hata kama nje kuna joto, na viota viko chini vinafurika. Ndege wakiwa laki moja wamesambaa kaunti nyingi, mwaka mmoja mbaya wanapigwa huku wanapona kule. Wakiwa mia nne kwenye vipande viwili vitatu, misimu mibaya miwili mfululizo inatosha. Kwahiyo mvua ndiyo iliua ila ardhi ndiyo iliwapanga foleni.

Na siongei vitu vya kusoma tu. 2016 mwezi wa nne Houston ilifurika, mitetea wakati huo wanaatamia. 2017 mwezi wa nane kikaja kimbunga Harvey. Jamani Harvey. Sisi tulikaa ghorofani siku kadhaa, chini maji, gari la jirani linaelea, na kilichonishangaza baadaye ni kusikia hifadhi nayo mto San Bernard ulipanda ukaingia, na ndege wengi walikufa wakabaki wachache sana. Mtu anatotolesha, anaachia, anamwaga dawa ya sisimizi, anajenga vizuizi kuzunguka kiota kimoja kimoja nyoka na vicheche wasiingie, halafu kimbunga kimoja kinafuta kazi ya miaka.

#22 · KijanaWaSokoni
Pole sana dada. Naona sasa kuna timu Ardhi, timu Sisimizi, timu Mvua na timu Mashine. Timu Gobole ina mchezaji mmoja.

#23 · Mzee_wa_Gobole
Na ni nahodha.

#24 · Maabara_Kisirani
Nawaona mnazunguka mbuyu. Jenetiki je? Mmeanza na ndege wangapi kwenye mabanda? Mayai na ndege wa mwisho kutoka vikundi vichache vilivyokuwa vinakufa. Ndugu kwa ndugu, mtoto wa shangazi na wa mjomba.

Illinois wana kuku wa nyika wa aina kubwa, binamu wa huyu. 1962 walikuwa kama 2,000, mwanzoni mwa miaka ya 90 hawafiki 50. Watu walisema ardhi, wakatengeneza ardhi, ndege wakazidi kushuka. Kwenye viota mayai yakawa viza mengi kuliko zamani. Kuanzia 1992 wakaleta ndege 271 kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, damu mpya, na mayai yakaanza kuanguliwa vizuri tena. Ilichapishwa 1998, inafundishwa vyuoni mpaka leo.

#25 · Nukta_Kamili
Ongeza na kilichofuata, usikatie hapo patamu. Baada ya damu mpya Illinois hawakulipuka wakajaa. Walibaki wachache, na 2014 ikabidi waende tena Kansas kuleta wengine. Maana yake damu ilisaidia mayai, haikuongeza nyika hata ekari moja.

Halafu Illinois kulikuwa na mgeni mwingine hujamtaja: fezanti, ndege wa kutoka Asia waliopelekwa kwa ajili ya wawindaji. Jike lake linaenda kutaga kwenye kiota cha kuku wa nyika. Mayai ya fezanti yanaanguliwa mapema, mama anaondoka na vifaranga wasio wake, yake yanabaki yanapoa. Wahifadhi ilibidi wawapunguze hao fezanti.

#26 · Sufuria_Kubwa
Yaani analea watoto wa mwingine afu wake wanabaki. Huu uzi una drama kuliko tamthilia za saa tatu usiku.

#27 · Fundi_Vifaranga
Maabara_Kisirani hoja ya damu naielewa, hata kuku wa kawaida ukikaa na jogoo mmoja na mabinti zake mayai yanaanza kugoma. Lakini naona mmesahau magonjwa. Kwenye mabanda ya hawa wa Attwater miaka ya 90 kulionekana virusi vinaitwa REV, vinaleta uvimbe, vinapatikana pia kwa kuku wa nyama na bata mzinga. Ukiweka ndege wote wa mwisho duniani kwenye mabanda machache, kirusi kikiingia umekwisha. Ndiyo maana wakawagawa bustani mbalimbali, Fossil Rim (kituo cha wanyamapori hukohuko Texas) ndio walianza, Houston, wengine wanazalishwa Oklahoma.

#28 · BintiMrima_HTX
Na wale wa Houston Zoo mabanda yao mengine yapo ndani ya eneo la NASA, Johnson Space Center. Kwahiyo Mwenye_Banda ile ya "wamepeleka watu mwezini wanashindwa kuku", kuku wenyewe wanaishi jirani na waliopeleka watu mwezini 😂

#29 · Mwenye_Banda
Hahaha hiyo sikuijua. Sasa naomba mtu anitolee utata, kuna mahali niliona kuku wa nyika wa mwisho alikufa 1932. Huyo ni yupi?

#30 · Nukta_Kamili
Huyo ni mwingine, wa mashariki, aliitwa heath hen. Mwisho wake ulikuwa kisiwa cha Martha's Vineyard, Massachusetts. Na kisa chake kinafaa sana hapa kwa sababu kila timu itapata chake.

1908 walitengewa hifadhi wakiwa wachache mno. Wakaongezeka hadi karibu 2,000 kufika 1916. Kila mtu akasema tumeshinda. Mei 1916 moto mkubwa ukapita wakati mitetea wako kwenye mayai, mitetea wengi wakafa humohumo wakibaki kwenye viota. Baridi iliyofuata mwewe wakubwa wa kaskazini wakaja kwa wingi kuliko kawaida. Halafu ugonjwa kutoka kwa bata mzinga wa kufugwa. Halafu wakabaki majogoo wengi mitetea wachache, 1927 walikuwa 13 na mitetea ni wawili tu. Jogoo wa mwisho alionekana mwezi wa tatu 1932. Sasa niambieni kilichoua ni moto, mwewe, ugonjwa au ndugu kwa ndugu?

#31 · Mpenda_Panzi
Kilichoua ni kuwa wote kisiwa kimoja.

#32 · BintiMrima_HTX
@Mpenda_Panzi karibu timu Ardhi, tumekuwekea kiti.

#33 · Mpenda_Panzi
Sijahamia. Nimepita kusalimia.

#34 · Wanja_wa_Njabini
Niaje wadau, naandika kutoka Kinangop Kenya. Huyo kuku simjui lakini hiyo story ya nyasi naijua vizuri. Hapa tuko na ndege mdogo wa manjano kifuani, Sharpe's longclaw, hapatikani nchi ingine yoyote ile, ni Kenya tu, na yuko kwenye orodha ya hatari. Anaishi kwenye nyasi zile za mashungi kwa shamba za watu. Si mbugani, kwa shamba. Yangu iko na kipande kama hicho na mzee wangu kila mwaka anataka tukilime viazi, mimi namwambia tuachie kondoo. Na siwezi kumlaumu, kondoo hawalipi school fees kama gunia za viazi zikishika bei.

Swali langu ni, hiyo ardhi ya Texas ni ya nani? Juu kama ni ya watu binafsi hamuwezi kuongea ekari laki tatu bila kuongea na mwenye shamba.

#35 · BintiMrima_HTX
Wanja umegusa mfupa. Texas karibu yote ni ardhi ya watu binafsi. Na wafugaji wengi walikuwa wanaogopa: ndege aliye kwenye orodha akionekana kwako, serikali itakuja kukupangia usilime pale, usijenge hapa. Kwahiyo mtu anaona heri asiwepo kabisa. Ikabidi waje na mikataba, mwenye ranchi anakubali kutunza nyika, kuchoma moto kwa utaratibu, kupunguza ng'ombe pale panapotakiwa, anasaidiwa gharama, na anahakikishiwa kwamba ndege wakiongezeka kwake hatabanwa na masharti mapya. Ndiyo maana leo wapo wanaoachiwa kwenye ranchi za watu kaunti ya Goliad, mbali na hifadhi. Na binafsi naona huko ndiko kuna matumaini kuliko hifadhini, ardhi ni kubwa na wafugaji wa zamani wa kule wanaijua nyasi.

#36 · Ole_wa_Nyanda
Mfugaji akiheshimiwa anatunza. Hilo halina haja ya maabara.

#37 · Maabara_Kisirani
Maabara imefanya nini tena 😅

#38 · Mzee_wa_Gobole
Pesa za mikataba mnaziona lakini. Huyo ndege wa kaskazini mwa Texas, mdogo wake huyu, wa Kansas na Oklahoma na New Mexico, wamegombana mahakamani miaka na miaka sababu ya visima vya mafuta. Fuateni pesa.

#39 · Nukta_Kamili
Hapo Mzee anasema kweli. Ni kuku wa nyika mdogo. Aliwekwa kwenye orodha 2014, mahakama ikafuta 2015, akarudishwa 2022, kesi zikaendelea, 2025 mahakama ikafuta tena. Huko kuna mafuta, mitambo ya upepo, nguzo za umeme. Wenye mitambo wanasema hatuui ndege, na kweli mtambo haumuui, ila mtetea hatagi karibu na kitu kirefu. Nyasi zipo, nzuri, zinahesabika kwenye ramani kama makazi, na hakuna kiota. Kingine kinachowaua kule ni seng'enge, wanaruka chini chini kwa kasi wanajigonga. Sasa hivi wanatundika vibao vidogo vyeupe kwenye waya waone.

#40 · KijanaWaSokoni
Swali la mwisho kwa BintiMrima, mtu akija Houston anaweza kuwaona wakicheza? Nina shemeji huko.

#41 · BintiMrima_HTX
Mwezi wa nne hifadhi ya Eagle Lake huwa na tamasha lao, wanakupeleka alfajiri mahali pa kutazamia. Beba darubini maana husogezwi karibu, na ujiandae kurudi na picha ya doa la kahawia kwenye majani. Mi nilirudi na picha nzuri ya ng'ombe.

#42 · Sufuria_Kubwa
Uzi wa kurasa mbili, picha pekee ni ng'ombe.

#43 · Mwenye_Banda
Shukrani wakuu nimejifunza mengi. Ila bado nina kigugumizi. Kama damu imepungua na Kansas wapo wa ukoo uleule kwa maelfu, kwa nini wasilete hao wakachanganye Texas kama Illinois walivyofanya? Wangeacha hata mashine.

#44 · Maabara_Kisirani
Nimekuwa nasubiri mtu aseme. Chui wa Florida, wale puma, 1995 waliletewa majike manane kutoka Texas na wakapona. Kwa nini kuku asipewe?

#45 · Mpenda_Panzi
Kwa sababu wa Kansas amezoea baridi kavu na hawa wamezoea unyevu, joto la pwani na mbu. Na kifaranga wake atakula nini? Sisimizi hawaulizi umetoka jimbo gani.

#46 · Fundi_Vifaranga
Chotara wa kwanza huwa na nguvu, nimeona kwa kuku mara nyingi. Mimi ningejaribu kwenye ranchi moja ya Goliad nione.

#47 · Nukta_Kamili
Na ukishachanganya, kwenye orodha unaandika nani? Aliyelindwa 1967 ni wa Attwater. Mwanasheria wa kampuni atasimama aseme huyu mliye naye ni wa Kansas, wapo wengi, ondoeni ulinzi. Fundi jibu hilo kwanza kabla hujachanganya.

#48 · Fundi_Vifaranga
Mwanasheria naye tumuweke kwenye uzio wiki mbili azoee nyika.